Vita vya Vietnam: Wamarekani waligombana juu ya nini hasa?

Simulizi inayorudiwa kila mahali ni nyepesi: Marekani iliingia Vietnam kuzuia ukomunisti, vijana wenye nywele ndefu wakaandamana, televisheni ikawageuza wananchi, Bunge likakata fedha, vita vikaisha. Kila kipande kina chembe ya ukweli. Lakini ukizipekua kumbukumbu za miaka ile unakuta nchi ambayo haikugawanyika pande mbili. Watu walikuwa wakibishana mambo matatu kwa mpigo: tumeingia kwa nini, ushindi ni upi, na tutoke kwa masharti gani. Waliokubaliana kwenye la kwanza waliweza kutupiana ngumi kwenye la tatu.

Dhana: Lengo la vita lilijulikana, ubishi ulikuwa juu ya mbinu tu

Lengo lililotangazwa lilijulikana, ndiyo. Tarehe 7 Aprili 1965 Rais Lyndon Johnson alihutubia katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akasema Marekani inataka Vietnam Kusini iwe huru na isishambuliwe, na kwamba yenyewe haitafuti faida yoyote. Wiki mbili kabla ya hotuba hiyo, tarehe 24 Machi, John McNaughton, mmoja wa wasaidizi wakuu wa Waziri wa Ulinzi Robert McNamara, alikuwa ameandika waraka wa ndani ulioyagawa malengo ya vita kwa asilimia. Asilimia 70: Marekani isishindwe kwa fedheha. Asilimia 20: ardhi ya Vietnam Kusini isiangukie mikononi mwa China. Asilimia 10: watu wa Vietnam Kusini wapate maisha bora na yenye uhuru zaidi.

Irudie hesabu hiyo taratibu. Watu waliotajwa jukwaani kuwa ndio sababu ya vita waliambulia fungu la kumi. Na lile fungu kubwa, la kukwepa fedheha, lina tatizo lake: halina mwisho. Adui anaweza kusalimu amri na mpaka unaweza kulindwa, lakini heshima ya taifa kubwa ni nani atakayesema sasa imetosha? Wananchi hawakujua habari za waraka huo hadi mwaka 1971, Nyaraka za Pentagon, yaani historia ya siri ya vita iliyoandaliwa na Wizara ya Ulinzi, zilipoanza kuchapishwa na gazeti la New York Times mwezi Juni. Kwa miaka sita walikuwa wameparurana kwa sababu ambayo wakubwa wenyewe waliiweka mkiani.

Hata mlango wa kuingilia vitani ulikuwa wa mashaka. Bunge halikuwahi kutangaza vita. Lilipitisha Azimio la Ghuba ya Tonkin tarehe 7 Agosti 1964, kwa kura 416 bila pingamizi katika Baraza la Wawakilishi na 88 kwa 2 katika Seneti, baada ya kuambiwa kwamba manowari za Marekani zimeshambuliwa mara mbili. Shambulio la tarehe 2 Agosti lilitokea kweli. La tarehe 4 halikutokea. Maseneta wawili waliokataa, Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, wote walipoteza viti vyao mwaka 1968, mwaka uleule ambao wananchi wengi walikuwa tayari wanasema kwenda Vietnam lilikuwa kosa. Siasa haina shukrani.

Dhana: Vijana walipinga, wazee wakaunga mkono

Hii ndiyo dhana inayonishangaza kuliko zote, maana takwimu zimekuwepo tangu siku zile. Gallup, shirika la kura za maoni, ilikuwa ikiuliza swali lilelile kila baada ya miezi kadhaa: je, kupeleka majeshi Vietnam lilikuwa kosa? Katika miaka ya kati ya sitini, waliosema si kosa walikuwa wengi zaidi miongoni mwa walio chini ya miaka 30. Wenye miaka 50 na zaidi ndio waliokuwa na mashaka tangu mwanzo. Wengi wao walikuwa watu wazima wakati wa vita vya Korea, na waliijua ladha ya vita vinavyoisha bila mshindi.

Elimu nayo ilikwenda kinyume na picha tuliyozoea. Waliofika chuo kikuu, wakichukuliwa kwa jumla, waliunga mkono vita kuliko walioishia shule ya msingi. Vyuo vikuu vilikuwa na waandamanaji, hilo halina ubishi, na kamera zilikuwa huko. Mama mwenye umri wa miaka 60 aliyeona mtoto wa jirani akirudishwa ndani ya jeneza hakuandamana. Alijibu tu swali la mtafiti, na jibu lake halikupigwa picha.

Mei 1970 inaonyesha ugomvi ulivyokuwa umechanganyika. Tarehe 4, askari wa Ulinzi wa Taifa wa jimbo la Ohio waliwapiga risasi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kent State waliokuwa wakipinga majeshi ya Marekani kuingia Kambodia. Wanne wakafa, tisa wakajeruhiwa. Gallup ilipowauliza wananchi, kwa niaba ya jarida la Newsweek, nani alaumiwe, asilimia 58 waliwataja wanafunzi. Asilimia 11 tu waliwalaumu askari.

Siku nne baada ya mauaji, jijini New York, bendera ya ukumbi wa jiji ilikuwa nusu mlingoti kwa amri ya Meya John Lindsay, kuwaombolezea wale wanne. Mafundi ujenzi wenye kofia ngumu vichwani walishuka kutoka kwenye majengo, wakawapiga waandamanaji karibu na Wall Street, kisha wakashinikiza hadi bendera ikapandishwa juu. Kabla mwezi haujaisha, viongozi wa vyama vyao walipokelewa Ikulu na Rais Richard Nixon, wakamkabidhi kofia ngumu. Tangu hapo mfanyakazi wa mikono amebandikwa picha ya mpenda vita. Kura za maoni hazikubaliani na picha hiyo: watu wa kipato cha chini hawakuwa na hamu ya vita kuliko wenye nazo. Isitoshe, mtu angeweza kuchoshwa na vita na papo hapo kuwachukia waandamanaji. Wamarekani wengi walikuwa hivyo hasa.

Dhana: Aliyesema vita ni kosa alitaka amani

Agosti 1965, asilimia 24 walisema kupeleka majeshi lilikuwa kosa. Mei 1971 walifika asilimia 61. Mstari huo unaopanda husomwa kama ukuaji wa kambi ya amani, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya "ndiyo, ni kosa" walikuwemo waliotaka majeshi yarudi kesho asubuhi, na walikuwemo pia waliotaka Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini ya kikomunisti, ipigwe mabomu hadi isalimu amri. Kwa hawa wa pili, kosa lilikuwa kuingia vitani huku umefungwa mkono mmoja.

Mfano mzuri ni kura za mchujo za chama cha Democratic katika jimbo la New Hampshire, tarehe 12 Machi 1968. Seneta Eugene McCarthy, aliyegombea kwa sera ya kumaliza vita, alipata takribani asilimia 42 dhidi ya asilimia 49 za rais aliye madarakani. Magazeti yaliandika kwamba njiwa, yaani wapinga vita, wamemtikisa Johnson. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipowachunguza wapiga kura baadaye, wakakuta kwamba waliompigia McCarthy wengi walimwona Johnson mlegevu katika vita. Walitumia jina la mtu wa amani kudai vita vikali zaidi. Johnson alijitoa kwenye kinyang'anyiro tarehe 31 Machi, akiwa ameshambuliwa kutoka mbele na nyuma.

Dhana: Televisheni, na hasa Walter Cronkite, ndiyo iliyowageuza wananchi

Cronkite, mtangazaji mashuhuri wa habari wa televisheni ya CBS, alitangaza tarehe 27 Februari 1968, baada ya mashambulizi ya Tet (wimbi la mashambulizi ya wakomunisti kote Vietnam Kusini), kwamba vita vimekwama na njia ya busara ni mazungumzo. Lakini tayari Oktoba 1967 Gallup ilikuwa imekuta asilimia 47 wanaosema vita ni kosa dhidi ya 44 wanaokataa. Wananchi walikuwa wamemtangulia mtangazaji kwa miezi minne. Na ile hadithi ya Johnson kuzima televisheni huku akilalamika kwamba amempoteza Cronkite haina mashiko: usiku huo alikuwa Texas, kwenye sherehe ya kuzaliwa ya Gavana John Connally.

Kilichoiumiza serikali zaidi, kwa maoni yangu, ni maneno yake yenyewe. Novemba 1967 Jenerali William Westmoreland, kamanda wa majeshi ya Marekani huko Vietnam, aliitwa nyumbani kwa ziara, akawaambia waandishi kwamba mwisho wa vita umeanza kuonekana. Miezi miwili baadaye, katika mashambulizi hayo ya Tet, wapiganaji wa kikomunisti walikuwa ndani ya uwanja wa ubalozi wa Marekani jijini Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini.

Dhana: Wanajeshi walikuwa upande mmoja, wapinga vita upande mwingine

Aprili 1971 mamia ya waliokuwa wanajeshi Vietnam walipanga foleni mbele ya jengo la Bunge, mmoja baada ya mwingine wakizitupa nishani zao juu ya uzio. Hilo latosha.

Dhana: Nixon alipata "amani yenye heshima", Bunge likaitupa

Nixon aliingia madarakani Januari 1969. Zaidi ya Wamarekani 20,000 walikufa vitani baada ya siku hiyo, huku majeshi yakipunguzwa kidogo kidogo. Kufikia mwaka 1971 serikali ilikuwa ikisema majeshi yatabaki maadamu Hanoi inashikilia mateka wa Kimarekani. Yaani sababu mojawapo ya kuendelea na vita ikawa kuwarudisha watu waliotekwa katika vita hivyohivyo.

Mkataba wa Paris ulitiwa saini tarehe 27 Januari 1973. Mateka 591 walirudi, na majeshi ya mapigano yakaondoka mwishoni mwa Machi. Lakini mkataba uliwaacha askari wa Vietnam Kaskazini, zaidi ya laki moja, palepale walipokuwa ndani ya Kusini. Rais Nguyen Van Thieu wa Saigon aliupinga kwa nguvu kwa sababu hiyohiyo, hadi Washington ilipomwahidi kwa siri kwamba itamtetea. Ahadi hiyo Bunge halikuonyeshwa.

Ni kweli kwamba Bunge lilipiga marufuku fedha za mapigano ya Marekani kuanzia tarehe 15 Agosti 1973. Si kweli kwamba liliinyima Saigon kila kitu. Kwa mwaka wa fedha wa 1975 lilitoa dola milioni 700 za msaada wa kijeshi: nusu tu ya kiasi kilichoombwa, lakini si sifuri. Lililokataliwa moja kwa moja ni ombi la dharura la Rais Gerald Ford la dola milioni 722, Aprili 1975, wakati jeshi la Kusini lilikuwa limekwisha kusambaratika katika nyanda za juu na mji wa Da Nang umeanguka. Saigon ilitekwa tarehe 30 mwezi huohuo. Wanaolilaumu Bunge hadi leo wana hoja kuhusu ile nusu iliyopunguzwa. Kuhusu hizo milioni 722, sioni zingepakuliwa bandari gani.