Mwalimu Akimpa Mwenzake Somo la Kompyuta, Ampe na Yaliyotokea Darasani

Katika ziara ambazo sisi wakufunzi wa TEHAMA huzifanya kwenye shule za Moshi na vijiji vya mlimani, walimu wa kidato cha kwanza na cha pili hawatuulizi sana namna ya kuwasha projekta au kuingia katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Wanalouliza mara nyingi ni hili: "Mwenzangu alinitumia somo lake zuri, mbona kwangu limekataa?" Ukilitazama, faili limefunguka vizuri tu. Kilichokataa ni somo lenyewe, kwa kuwa mwenzake alimtumia slaidi, lakini namna alivyozitumia akabaki nayo kichwani.

Vifaa si haba kama zamani. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 viligawiwa baadaye kwa walimu, na mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza na kujadili kazi yao. Tunachopungukiwa ni desturi ya kuandika somo ili mtu ambaye hakuwepo aweze kulifundisha.

Tuchukue somo moja la Jiografia ambalo huku kwetu linajileta lenyewe, lile la uhusiano wa halijoto na mwinuko. Mwalimu huandaa jedwali katika Excel lenye vituo vya njia ya Marangu ya kupanda Mlima Kilimanjaro: Moshi mjini, tukikadiria mita 850, kisha Mandara karibu mita 2,700, Horombo karibu 3,700, Kibo karibu 4,700, na Kilele cha Uhuru mita 5,895. Wanafunzi huambiwa kwamba kwa wastani halijoto hupungua nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda, kisha wanaandika fomula inayochukua halijoto ya Moshi na kutoa tofauti ya mwinuko iliyozidishwa kwa 0.0065. Mjini kukiwa na nyuzi 25, Mandara inapata 13, Horombo 6.5, Kibo inagusa sifuri, na kileleni jedwali linaonyesha hasi 7.8. Mtoto aliyezaliwa Kibosho, aliyeuona ule weupe wa kileleni tangu utotoni, hapo huanza kujua kwa nini barafu haiyeyuki yote kwa siku moja.

Jedwali hilo halichukui nusu saa kuliandaa, na mwalimu yeyote mwenye simu janja anaweza kulipokea. Yanayolifanya kuwa somo, hata hivyo, hayamo ndani ya jedwali. La kwanza ni kwamba katika kila darasa hutokea wanafunzi wanaoandika "2700 m" ndani ya seli, badala ya 2700 peke yake, na programu ikiona ile herufi huichukulia seli nzima kuwa maneno, ikakataa kupiga hesabu na kuleta ujumbe wa kosa. Mwalimu asiyelitarajia jambo hili hupoteza dakika 15 kati ya 40 za kipindi akizunguka kutoka kompyuta moja hadi nyingine. La pili ni swali ambalo haliepukiki, nalo ni zuri kuliko fomula: "Mwalimu, si kule juu ni karibu zaidi na jua? Mbona kuna baridi?" Jibu lake ni kwamba jua liko umbali wa kilomita milioni 150 hivi, kwa hiyo kilomita tano za kupanda mlima si kitu, hewa hupashwa joto na ardhi kutoka chini, na inapopanda hutanuka na kupoa. Mwalimu aliyekwisha kuulizwa swali hilo akiliandika chini ya jedwali pamoja na jibu lake, na akaongeza sentensi fupi kama "Waambie wasiandike m", atakuwa amempa mwenzake kitu kikubwa kuliko faili.

Ninayasema haya nami nikiwa nimewahi kukosea. Niliwahi kuipelekea shule moja ya pembezoni slaidi 40 zilizojaa viungo vya video, nikaufurahia mwonekano wake, kumbe huko intaneti hupatikana kwa kusimama chini ya mwarobaini ulio nyuma ya ofisi. Tangu siku hiyo, nikiandaa somo la kugawa, kwanza ninazima data kwenye simu yangu na kulijaribu. Kwa bahati nzuri, zana kadhaa nzuri hazihitaji bando darasani: GeoGebra ya Hisabati, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter mwaka 2001, hufanya kazi bila mtandao ikishasakiniwa, na majaribio ya Sayansi ya PhET kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani yanaweza kupakuliwa mapema, kuwekwa kwenye flashi na kufunguliwa katika kompyuta isiyo na intaneti.

Lugha nayo iandikwe. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anakutana na jedwali la Kiingereza mwezi Januari, na maneno kumi tu yaliyotafsiriwa pembeni humsaidia kuliko rangi zote za slaidi.

Kuna mambo mawili ya kisheria ambayo walimu huyapita haraka. Picha na michoro iliyochukuliwa mtandaoni ina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda, hivyo ni salama zaidi kutumia picha ulizopiga mwenyewe au zenye leseni huria, na kumtaja aliyezitengeneza. Lililo zito zaidi ni picha za wanafunzi. Mwalimu hufurahia kuonyesha darasa likiwa kazini, akazituma kwenye kikundi cha WhatsApp sura za watoto, majina yao ubaoni na alama zao, akisahau kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu na watoto hao. Piga picha ya jedwali, ya mikono kwenye kibodi, au ya ubao baada ya kufuta majina. Mwenzako hatakosa chochote anachokihitaji ili afundishe.

Somo lililoandikwa hivyo hurudi likiwa limeongezeka. Mwalimu mmoja wa Arusha alilipokea lile jedwali la Marangu na kuweka Mlima Meru, mita 4,562, badala ya Kilimanjaro, huku mjini akikadiria mita 1,400 na nyuzi 24. Kileleni akapata nyuzi 3.4 tu, na mjadala wote wa namba hasi, ambao kule Moshi ndio uliowaamsha wanafunzi, ukakosa pa kuanzia. Hakulitupa jedwali. Aliwaambia wanafunzi waweke nyuzi 13, baridi ya asubuhi ya Julai waliyokuja nayo shuleni siku hiyo wakiwa na masweta, na kilele kikashuka hadi hasi 7.6. Akaliandika badiliko hilo chini ya jedwali, pamoja na sababu yake, akaturudishia.