Plelisti haibebi nyimbo

Jirani yangu alinunua pleya mpya Luthuli Avenue, akanakili faili tatu za plelisti kutoka kwa kompyuta, akapanda matatu ya Rongai. Kimya njia nzima. Akaapa ameuziwa feki.

Pleya haikuwa na kosa. Wengi hudhani plelisti ni kapu lenye nyimbo ndani. Sivyo. Faili ya M3U, aina ya kawaida ya plelisti, ni maandishi matupu: mistari yake inataja nyimbo zilipo. Nyimbo 200 za MP3 hujaza mamia ya megabaiti. Orodha yake haifiki hata megabaiti moja. Ifungue kwa Notepad, programu ya maandishi ya Windows, utakuta kitu kama D:\Muziki\Taarabu\07.mp3. Hiyo D ni ya kompyuta yako, pleya haiijui. Ni sawa na kumwelekeza mgeni "kando ya kibanda cha mama mboga" wakati kibanda kilishabomolewa.

Nakili folda nzima ya Muziki kwenye pleya, weka plelisti humohumo, kisha ufute D:\Muziki\ kwenye kila mstari, ibaki Taarabu\07.mp3. (Usifute mmoja mmoja, Notepad itabadilisha yote kwa mkupuo.) Pleya nyingine hukataa \ na kutaka /.

Nyimbo ulizopakua ndani ya programu za kulipia kila mwezi zimefungwa humo. Hazihami.