Jembe lisubiri kidogo: kumpokea kijana kutoka nchi ya mbali

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo iliwalenga wageni waliokuja kwa miguu au kwa chombo cha matanga. Aliyeshuka kwenye ndege baada ya kuvuka kanda saba za saa, siku ya tatu mwili wake bado uko kwao. Saa ya mwili hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja hivi kila siku, na anayesafiri kuelekea mashariki hutaabika zaidi ya anayeelekea magharibi. Kisha huyu mwanafunzi mnayempokea nyumbani ni kijana. Katika ubalehe usingizi huchelewa kuja usiku na huchelewa kuondoka asubuhi, tena mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Basi mkimkuta macho makavu usiku wa manane, halafu mchana anasinzia mezani, msimwite mvivu. Mpeni wiki nzima. Mtoeni nje mchana apate mwanga, na akilala mchana asiachwe hadi jioni.

Mimi ni mshauri nasaha wa familia zinazopokea wanafunzi wa kigeni. Malalamiko yanayotufikia mara nyingi kuliko yote ni ya mlango. Mama mwenye nyumba hupiga simu wiki ya pili au ya tatu: mtoto akirudi tu anajifungia chumbani, tumemkosea nini? Mara nyingi hamjamkosea chochote. Kusikiliza lugha ngeni kutwa ni kazi ya sulubu. Kila sentensi anaikamata, anaifasiri, anatafuta jibu, na kabla hajalitoa kinywani mazungumzo yameshahamia kwingine. Ikifika jioni kichwa kimejaa. Ule mlango uliofungwa ni mapumziko yake. Mwacheni saa moja au mbili, kisha mbishieni hodi kwa jambo dogo: njoo tukunje nguo, njoo uone mvua hii. Maswali mapana kama “umeshindaje shuleni?” ni magumu kwa mwenye maneno machache. Kukunja nguo hakuhitaji ufasaha.

Jihadharini pia na “ndiyo” yake. Huitikia ndiyo kwa adabu, au kwa kuchoka kuuliza tena, ilhali hakuelewa hata nusu. Badala ya kumwuliza kama ameelewa, mwambieni awaeleze yeye: kesho basi linapita saa ngapi, na ukilikosa utafanya nini?

Na “hapana” nayo ina mambo yake. Nakumbuka binti wa miaka 16 aliyekonda mwezi wa kwanza hadi mratibu, yule msimamizi wa mpango uliomleta, akaingiwa na hofu. Mezani akikaribishwa kuongeza alisema hapana, asante, na wenyeji, kwa kumheshimu, wakaondoa sahani. Kwao mtu hukataa kwanza, akashikiliwa, akakataa tena, ndipo akapokea. Kukubali mara ya kwanza ni ulafi. Kwa wenyeji hapana ilikuwa hapana. Wote walikuwa na adabu, na mtoto akawa analala na njaa. Dawa yake ilikuwa sentensi moja, iliyosemwa jikoni mlango wa kabati ukiwa wazi: vilivyo rafu hii ni vyako, chukua wakati wowote bila kuomba.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Sheria za nyumba mnazozijua sana ndizo msizozisema, kwa sababu hamzioni tena kuwa ni sheria. Siku ya kwanza au ya pili mtembezeni nyumba nzima mkionyesha kwa mikono. Maji ya moto yanafunguliwa hivi, taulo mbichi inaanikwa hapa, bafuni mtu hukaa muda gani asubuhi. Chooni kunatupwa nini na nini hakitupwi. Taa ipi huachwa usiku, viatu huishia wapi, funguo zikipotea anaambiwa nani. Mnaona aibu kuyasema, najua. Yeye ataona aibu zaidi kuyagundua kwa kukosea.

Wiki ikiisha, sasa toeni hilo jembe, na liwe la kweli. Kijana anayetandikiwa kitanda na kufuliwa nguo miezi sita atabaki mgeni miezi sita. Mpeni kazi ambayo asipoifanya nyumba itaona pengo, sawa na wanavyofanya watoto wenu, si zaidi yao. Hakuja kuwa yaya wala msaidizi wa kazi.

Furaha ya mwanzo ikipoa, hali inaweza kugeuka. Mwaka 1954, akihutubia mjini Rio de Janeiro, mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliifananisha hali hii na maradhi ya watu waliohamishiwa ugenini ghafla: wanapotewa na ishara ndogondogo za kila siku zilizokuwa zikiwaongoza bila wao kujua, na hofu inawaingia. Mwanzoni kila kitu ni kizuri, baadaye kila kitu kinaudhi, kuanzia harufu ya sabuni. Kwa wengi hupita. Lakini akikosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, akiacha kuwasiliana na wazazi, au akitamka habari ya kujidhuru, hilo halisubiri lipite. Mwambieni mratibu na mpelekeni kwa mtaalamu, na neno la kujidhuru ni la siku hiyohiyo.

Watoto wenu wenyewe husahaulika. Waliahidiwa ndugu, wakaletewa mtu anayegawana nao chumba na masikio ya mama. Msimfanye mwanenu mkalimani wala mlinzi wa mgeni, na msiwalinganishe mezani.

Mambo ya usalama hayana hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989 kwa kawaida humhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na mtoto huyu wazazi wake wako mbali. Awe na kitanda chake, mahali pa kubadilishia nguo bila kuonekana, na namba ya mtu mzima asiye wa nyumba yenu anayeweza kumpigia bila kuwaaga. Pasipoti ni yake. Tunzeni nakala, msimnyang'anye ile halisi. Kabla hajafika, pateni kwa maandishi ridhaa ya wazazi kuhusu matibabu, karatasi za bima, na orodha ya mzio na dawa anazotumia, kwa majina ya kitaalamu, kwa kuwa dawa iliyo halali kwao huenda kwenu ina masharti.

Kuna nyakati mgeni na wenyeji hawaivi chungu kimoja. Kumhamishia kijana familia nyingine si fedheha, na kukawia kwa kuogopa majirani watasemaje ndiko kunakoumiza. Mwiteni mratibu mapema, kijana asikilizwe peke yake, wazazi waelezwe na mtu mmoja wasije wakapata hadithi tatu. Siku ya kuhama msaidieni kufunga mizigo, na wale wadogo wa nyumba waambieni kabla, wasije wakarudi shuleni wakakuta kitanda kitupu.