Kilima kilichobebwa hadi kikaisha: dhana potofu kuhusu ngome za kwanza za Wanormani

Mjini Worcester, magharibi mwa Uingereza, kando ya mto Severn na jirani kabisa na kanisa kuu, palikuwa na kilima kirefu kilichorundikwa kwa mikono ya watu. Wanormani, watu kutoka Normandia kaskazini mwa Ufaransa, walikisimamisha muda mfupi baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 udongo wake ulichimbwa na kuhamishwa kidogo kidogo mpaka pakawa tambarare. Mgeni anayepita leo hawezi kujua kwamba hapo palikuwa na ngome. Yapo maeneo mengi ya namna hii, na mengi yanayosemwa kuyahusu si kweli.

"Pasipo na magofu ya mawe hapakuwa na ngome."

Dhana hii imeponza maeneo mengi. Ngome za mwanzo za Wanormani kwa sehemu kubwa zilikuwa za udongo na mbao. Walichimba handaki la mviringo, udongo uliotoka wakaurundika katikati, juu yake wakasimika mnara wa mbao na kuuzungushia ukuta wa magogo. Chini, ubavuni mwa kilima, waliweka ua mpana wenye handaki na boma lake, na humo ndimo zilimokuwa nyumba, mazizi, maghala na kanisa dogo. Mawe yalikuja baadaye, na penginepo hayakuja kabisa.

Mbao huoza, lakini shimo la nguzo hubaki. Mtu aliyeona mahali palipobomoka nyumba ya miti na udongo atalielewa hili haraka: nguzo ikishaoza, udongo unaojaza nafasi yake huwa na rangi tofauti na laini kuliko ule ulioizunguka. Mwaka 1949 mwanaakiolojia Brian Hope-Taylor alichimba kilele cha kilima cha Abinger, katika jimbo la Surrey, akakuta mashimo ya nguzo za mnara wa mraba na, pembezoni, mashimo ya ukuta wa magogo. Mnara wenyewe ulikuwa na upana usiofika mita nne. Bila kukwangua udongo kwa uangalifu usingeuona.

"Ngome ya mbao ilikuwa kambi ya muda tu."

Hapa ushahidi bora unatoka Hen Domen, mpakani mwa Wales, ngome iliyojengwa na bwana wa Kinormani, Roger wa Montgomery, kati ya mwaka 1071 na 1086. Mwanaakiolojia Philip Barker alianza kuichimba mwaka 1960, baadaye akashirikiana na mwenzake Robert Higham, na kazi haikuisha hadi 1992. Walikuta majengo juu ya majengo, yakivunjwa na kujengwa upya kwa zaidi ya miaka 200. Ngome ya mawe ilianza kujengwa jirani mwaka 1223, lakini ile ya mbao iliendelea kutumika hata baada ya hapo.

Kwangu uchimbaji huu ni mfano wa subira katika akiolojia. Baadhi ya majengo hayakuwa hata na mashimo ya nguzo, kwa kuwa yalisimama juu ya mihimili iliyolazwa ardhini, na alama zake ni mistari hafifu ambayo mchimbaji mwenye haraka angeifuta kwa koleo. Vyombo na mapambo yaliyopatikana pia yalikuwa machache mno. Wenye ngome walikuwa wakubwa wa nchi, lakini ua wao ulibanana majengo na maisha humo yalikuwa magumu kuliko picha tuliyozoea ya mabwana wa ngome.

"Walijenga mahali patupu."

Katika miji ni kinyume chake, na jambo hili linastahili kusemwa kwa sauti. Domesday, orodha ya ardhi na mali iliyoandaliwa mwaka 1086, inataja nyumba 166 zilizoondolewa Lincoln kwa ajili ya ngome, na 98 katika eneo la ngome ya Norwich. York, mtaa mmoja kati ya saba uliharibiwa ili kupisha ngome. Uchimbaji wa Norwich wa mwaka 1979 ulifukua, chini ya eneo la ngome, kanisa na makaburi ya wenyeji waliokuwepo kabla.

Worcester nako waliumizwa. William wa Malmesbury, mwandishi wa karne ya 12, anasimulia kwamba liwali Urse d'Abetot alipitisha handaki la ngome ndani ya makaburi ya watawa, naye Ealdred, Askofu Mkuu wa York, akamlaani ana kwa ana. Ealdred alifariki Septemba 1069. Kwa hiyo kama kisa hiki ni cha kweli, handaki lilikuwa limeshachimbwa kabla ya hapo.

"Kila kilima chenye ngome kilijengwa na Wanormani."

Katika karne ya 19 kosa lilikuwa la upande wa pili. Mtafiti wa ngome G. T. Clark aliwaaminisha wengi kwamba vilima hivi vilikuwa vya Waingereza wa kabla ya 1066. Mwanahistoria Ella Armitage alilinganisha maandishi ya kale na maeneo yenyewe, na kitabu chake cha mwaka 1912 kikathibitisha kwamba ni kazi ya Wanormani. Alikuwa sahihi kwa ujumla.

Lakini Wanormani hawakuona haya kutumia kilichokuwepo. Kilima cha Marlborough, kusini mwa Uingereza, chenye kimo cha mita 19, kilitobolewa kwa bomba jembamba hadi kitakoni mwaka 2010, na vipande vya mkaa vilivyotolewa vikapimwa umri: ni vya takriban mwaka 2400 kabla ya Kristo. Mwaka 2016 kilima cha Skipsea, Yorkshire, kilionekana kuwa cha Enzi ya Chuma, takriban mwaka 500 kabla ya Kristo.

"Kilima kikishaondolewa hakuna cha kuchunguza."

Hasara ipo, na ni kubwa. Kilima cha Worcester kilipobomolewa zilionekana sarafu za Kirumi, lakini hakuna aliyepima tabaka za udongo kama wanaakiolojia wanavyofanya sasa, na nafasi hiyo hairudi.

Hata hivyo handaki lilikwenda chini, siyo juu. Likifukiwa, hubaki na mifupa ya wanyama, vigae, mbegu na chavua ya mimea, na pale penye unyevu hata ngozi na mbao. Shambani, mazao yaliyoota juu ya handaki lililofukiwa hurefuka na kubaki kijani wakati wa ukame, na ukiwa angani unaona duara zima. Mjini hutazamwa barabara zinazopinda na mipaka ya viwanja. Tangu mwaka 1990, mwongozo wa serikali umewataka wapangaji miji wa Uingereza kuzingatia mabaki ya kale kabla ya kuruhusu ujenzi, kwa hiyo hata mtaro wa msingi wa jengo dogo unaweza kulikata handaki la zamani mbele ya macho ya mtu anayejua anachotafuta.