Nenosiri la simu ya intaneti halifichi mazungumzo

"Simu zetu zina nenosiri refu, hakuna wa kutusikiliza." Kliniki, SACCO na vituo vya huduma kwa wateja nchini Kenya vinairudia kauli hii hadi inachosha. Nenosiri linaithibitishia seva kwamba simu ni yake, basi. Baada ya hapo sauti husafiri wazi ndani ya pakiti za RTP, yaani vipande vidogo vya data vinavyobeba sauti mtandaoni. Aliyeingia kwenye swichi au ruta inayozipitisha huzinasa kwa Wireshark, programu ya kunasa data ya mtandao, na kusikia pande zote mbili. Namba za siri anazobonyeza mteja nazo mara nyingi hupita humohumo.

Washa TLS, inayosimba (kuficha kwa msimbo) ujumbe wa SIP wa kuanzisha na kukata simu (kwa kawaida porti 5061), pamoja na SRTP, yaani RTP iliyosimbwa, kwa sauti. Vyote viwili! Ukitumia SRTP ya SDES (njia ya kupeana ufunguo wa sauti) bila TLS, ufunguo wa sauti hupita wazi ndani ya ujumbe wa SIP, na anayenasa pakiti anaupata pia. Kwenye Asterisk, programu ya seva ya simu, katika mipangilio ya PJSIP (sehemu yake ya SIP) weka protocol=tls na media_encryption=sdes. Cheti cha TLS kikiisha muda, simu zinazokikagua hukataa kujisajili, na fundi mwenye haraka huzirudisha UDP 5060, njia isiyosimbwa, "kwa muda". Ndivyo zinavyobaki. Jiwekee kikumbusho siku 30 kabla. Kisha nasa simu ya majaribio kati ya simu na seva, halafu kati ya seva na mtoa huduma, maana njia hizo husimbwa kila moja kivyake. Ukisikia maneno, kazi haijaisha.

Kwamba usimbaji hulemea intaneti, si kweli: baiti 10 kwa pakiti, pakiti 50 kwa sekunde, ni kilobiti 4 tu kila upande. Kuhamisha porti 5060 nako hupunguza roboti (programu za wavamizi) wanaobisha hodi, hakufichi neno.

"Seva ni ya mtoa huduma, jukumu ni lake." Hapana. Kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, wewe ndiye mdhibiti, unayeamua data itumikeje, na yeye ni mchakataji, anayeishughulikia kwa niaba yako; lazima muwe na mkataba wa maandishi. Data ikivuja, akishagundua anapaswa kukuarifu ndani ya saa 48 inapowezekana. Wewe, kukiwa na hatari halisi ya madhara kwa wahusika, una saa 72 tangu ujue kumwarifu Kamishna wa Data.

Tangazo la "simu hii inarekodiwa" nalo halikuruhusu kuhifadhi rekodi milele. Panga muda wa kufuta, mtambo ufute wenyewe. Kagua /var/spool/asterisk/monitor: faili za WAV hukaa humo bila kusimbwa, kwa kuwa SRTP huishia kwenye seva. Simba diski hiyo, na uweke kumbukumbu ya kila anayefungua rekodi.