Prosesa ya mtandao ni nini, na kasi yake hupimwaje?

Ukitoka Iringa kwenda Mbeya na mzigo, mizani ya Makambako huikwepi. Gari la kuanzia tani 3.5 linaingia kupimwa. Sasa chukua tani 300 za mahindi. Zikipakiwa kwenye semi-trela za tani 30, mizani itapima magari 10. Zikipakiwa kwenye Fuso za tani 10, itapima 30. Mahindi ni yaleyale, foleni siyo.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wa kompyuta ninaokutana nao Mbeya hukwama. Wanaona ruta, kifaa kinachoelekeza data mtandaoni, imeandikwa gigabiti 10 (biti bilioni 10) kwa sekunde, wanadhani wameshajua kasi yake. Hizo ni tani tu. Ruta hufanya kazi kwa kuhesabu magari, yaani pakiti, vile vipande ambavyo data hukatwa ili isafirishwe.

Prosesa ya mtandao ni chipu ya ndani ya ruta au swichi kubwa, iliyosanifiwa kushughulikia pakiti zinazopita. Inasoma kichwa cha pakiti, sehemu ya mbele yenye anwani, inatafuta njia ya kuipeleka, inapunguza idadi ya hatua ilizobakiza, inaiweka kwenye foleni na kuitoa. Chipu iliyochongwa kwa kazi moja ingefanya hayo haraka zaidi, lakini itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, ikibadilika inabidi itengenezwe chipu nyingine. Prosesa ya kawaida ya kompyuta inafundishika lolote, ila inazidiwa mapema. Hii ya mtandao imekaa katikati: inaandikiwa programu, na bado inakimbia.

Inakimbia kiasi gani? Pakiti ndogo kabisa ya Etheneti, mtandao wa waya uliozoeleka, ina baiti 64. Ongeza baiti 20 za utangulizi na nafasi kati ya pakiti, zinakuwa 84, sawa na biti 672. Kwenye waya wa gigabiti 10 kwa sekunde, pakiti ya namna hiyo inaingia kila baada ya nanosekunde 67.2. Ni pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Pakiti kubwa za baiti 1,518 kwenye waya uleule hazifiki hata 813,000.

Kwa hiyo msanifu anaanza na bajeti ya nanosekunde 67, na bajeti hiyo inaliwa na kumbukumbu. Kusoma mara moja tu kumbukumbu kubwa iliyo nje ya chipu kunachukua makumi ya nanosekunde, na kutafuta njia huhitaji kusoma zaidi ya mara moja. Jedwali la njia za intaneti yote lina maingizo zaidi ya 900,000, na anwani moja inaweza kulingana na maingizo kadhaa. Linalofuatwa ni lile lililolingana kwa urefu zaidi. Ni kama kuwa na kibao cha "Nyanda za Juu Kusini" na kingine cha "Njombe": anayekwenda Njombe anafuata cha pili.

Dawa yake mama lishe wa Mwanjelwa anaijua. Hasimami kuutazama wali mpaka uive. Maharage yako jiko la pili, na huku anakatakata mboga. Chipu ya Intel IXP1200 ya mwaka 1999 ilikuwa na injini sita, yaani prosesa ndogondogo ndani ya chipu, kila moja ikishika kazi nne kwa zamu: kazi moja ikisubiri kumbukumbu, nyingine inaendelea. Ndugu yake IXP2800 ilifika injini 16 zenye kazi nane kila moja, kwa gigahezi 1.4. Piga hesabu: nanosekunde 67.2 ni mizunguko (mapigo ya saa ya chipu) 94 kwa injini moja, lakini zikigawana pakiti, injini 16 zinapata takriban mizunguko 1,500 kwa kila pakiti. Hapo kazi inafanyika.

Mradi zisigombee jiko. Injini zote zikitaka kumbukumbu ileile kwa wakati mmoja, kuongeza injini ya 17 ni kuongeza mtu kwenye foleni. Tena pakiti zikishughulikiwa 128 kwa mpigo, ya nyuma inaweza kutoka kabla ya ya mbele. TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote, ikiona hivyo mara kadhaa, inadhani pakiti imepotea na kupunguza mwendo, ingawa hakuna kilichopotea. Kulinda mpangilio kunagharimu, na mimi naona ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za usanifu huu.

Upimaji huanza kabla chipu haijatengenezwa: hesabu kwenye karatasi kwanza, kisha modeli ya kompyuta inayoiga injini, kumbukumbu na foleni. Kifaa kikiwa tayari, waraka wa RFC 2544 wa mwaka 1999, mmoja wa miongozo ya kiufundi ya intaneti, unataja ukubwa wa pakiti za kujaribia, kuanzia baiti 64 hadi 1,518, na unaita "uwezo wa kupitisha" ile kasi ya juu ambayo hakuna hata pakiti moja inayopotea.

Hata hapo kuna ujanja. Mpimaji akituma pakiti zote kwa anwani moja, jibu la njia linabaki kwenye kumbukumbu ndogo ya karibu na matokeo yanapendeza. Amepima mizani kwa Fuso moja inayozunguka na kurudi. Anwani zikitawanywa kwenye jedwali zima, kila pakiti inaweza kulazimika kwenda kwenye kumbukumbu ya mbali, na zile nanosekunde 67 zinarudi kudai haki yao.