Ndege ya kujiundia: yanayosemwa mitaani na yaliyo kweli

Kila baada ya muda picha ya namna ileile huzunguka kwenye simu zetu. Kijana amesimama uani kando ya ndege aliyoiunda mwenyewe, mabomba yamechomelewa, injini ya pikipiki imefungwa mbele, watoto wamejaa hadi kwenye ua wa jirani. Wengine hucheka, wengine huilaumu serikali. Mimi hukuza picha nikatazama vitu vitatu: injini imekaa wapi, propela imechongwaje, na mkia uko umbali gani kutoka kwenye bawa. Mara nyingi sababu ya kutoruka iko hapo hapo, na kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyemweleza kabla hajamaliza akiba yake. Haya nayaandika kwa ajili yake.

Dhana: Injini yenye nguvu ndiyo inayorusha ndege

Hii ndiyo mama wa dhana zote. Mwaka 1903 Mmarekani Samuel Langley, mwanasayansi mashuhuri aliyepewa fedha na jeshi, alikuwa na injini ya ajabu kwa zama zake: nguvu za farasi 52. Tarehe 8 Desemba ndege yake ilivunjika ikirushwa na kutumbukia mto Potomac. Siku tisa baadaye ndugu wawili mafundi baiskeli, Wilbur na Orville Wright, waliruka kule Kitty Hawk kwa injini ya nguvu za farasi 12 hivi, ambayo fundi wao Charles Taylor aliiunda karakanani kwa wiki sita.

Akina Wright walikuwa wametumia miaka mitatu wakiruka na ndege zisizo na injini ili wajue kuzitawala. Walijenga handaki dogo la upepo, yaani sanduku refu linalopulizwa hewa ndani, wakapima maumbo ya mabawa, moja baada ya jingine. Na waligundua jambo ambalo wengi uani hawajaligundua hadi leo: propela ni bawa linalozunguka. Ina mgongo na tumbo kama bawa, na pembe yake hupungua kadiri unavyokwenda nchani, kwa sababu ncha husafiri haraka kuliko shina. Kipande cha ubao kilichopindwa kama pangaboi la dukani kitapiga kelele na kutimua vumbi, lakini hakitavuta.

Injini kubwa huleta pia uzito wake. Ndege nyingi za kawaida husawazishwa mahali panapokaribia robo ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele. Ukifunga injini nzito bila kupima, unahamisha mizani yote. Pua ikizidi uzito, ndege itagoma kuinuka. Mkia ukizidi ni hatari zaidi, kwani itainuka, pua itapanda, na rubani hatakuwa na uwezo wa kuishusha. Kipimo chenyewe hakihitaji maabara: mizani tatu, moja chini ya kila gurudumu, futi, na hesabu ya shule ya msingi.

Dhana: Injini ya gari haiwezi kurusha ndege. Na pacha wake: injini ni injini tu

Wa kwanza alijibiwa mwaka 1929. Bernard Pietenpol, fundi wa kijiji cha Cherry Grove jimboni Minnesota, alirusha ndege ya mbao na kitambaa kwa injini ya Ford Model A, nguvu za farasi 40 hivi. Michoro yake bado inajengwa. Baadaye watu walitumia injini za Volkswagen Beetle na za Chevrolet Corvair, zote zikipozwa kwa hewa, bila rejeta wala maji ya kubeba.

Pacha wa pili ndiye anayeua. Injini ya gari hupumzika sana kuliko tunavyodhani. Barabarani, likishachanganya mwendo, gari dogo linahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Injini ya ndege hufanya kazi kwa robo tatu ya nguvu zake saa baada ya saa, na wakati wa kupaa hutoa zote. Upozaji uliotosha barabarani hapa hautatosha.

Halafu kuna mizunguko. Injini nyingi za magari madogo hutoa nguvu zake za juu karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika. Fungia hapo moja kwa moja propela ya mita 1.8, na ncha zake zitakimbia zaidi ya mita 560 kwa sekunde, wakati sauti husafiri mita 340 hivi. Ncha ikipita mwendo wa sauti, nguvu yako inageuka kelele. Ndiyo maana Lycoming O-320, injini ya ndege ndogo, ina ujazo wa lita 5 na zaidi lakini hutoa nguvu za farasi 150 au 160 tu. Fundi wa magari akisikia hivyo hutikisa kichwa, lakini nguvu hizo zinapatikana kwenye mizunguko 2,700, na propela inakaa moja kwa moja kwenye krenki, mhimili mkuu wa injini. Rotax 912, nayo ya ndege, ilichagua njia nyingine: injini ndogo inayozunguka hadi 5,800, na giaboksi inayopunguza mwendo kabla haujafika kwenye propela.

Basi nitafunga giaboksi au mkanda, atasema mtu. Sawa, lakini kila silinda ikiwaka hupiga krenki kama nyundo, na propela nzito upande wa pili inakataa kubadili mwendo wake ghafla. Kati yao mhimili hujisokota na kujisokotoa maelfu ya mara kwa dakika. Mapigo yakioana na mtikisiko wa asili wa mhimili huo, chuma kizima hukatika. Hata bila giaboksi, propela huyumbisha krenki ambayo kwenye gari haikuwahi kubeba mzigo huo. Watumiaji wa Corvair walijifunza hivyo baada ya krenki kadhaa kuvunjika angani, ndipo wengi wakaongeza beringi ya tano upande wa propela.

Kuna na umeme. Injini za ndege za kawaida zina magneto mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa plagi bila betri, na plagi mbili kwa kila silinda. Betri ikifa, moto wa plagi hauzimiki. Gari likizimika, unasogea kando ya barabara.

Kwa aliye bara, ongeza hili. Uwanja wa Wilson, Nairobi, uko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inayotoa nguvu za farasi 100 Mombasa, pale itatoa themanini na kitu. Jua likichoma, zinapungua tena, na bawa na propela vinapata hewa nyepesi vilevile.

Dhana: Chuma kinene ndicho salama

Kila kilo unayoongeza inataka bawa kubwa zaidi, bawa kubwa linataka mhimili mzito zaidi wa kulibeba, nao unataka injini kubwa zaidi. Wajenzi wazuri hupima hata rangi. Usalama hutafutwa kwa hesabu: ndege ndogo ya kawaida husanifiwa kubeba mara 3.8 ya uzito wake bila kubaki imepinda, kisha huongezwa nusu ya hapo kabla ya kuvunjika. Na nondo ya ujenzi haina cheti kinachokuambia itahimili nini. Alumini ya ndege, bolti za ndege na plaiwudi ya ndege ni ghali kwa sababu nguvu zake zinajulikana.

Rangi hiyo hiyo ikiongezwa ovyo kwenye sehemu zinazochezacheza nyuma ya bawa na mkia inaweza kuharibu usawa wake, na kwenye mwendo fulani zikaanza kupepea kama bendera. Kupepea kwa namna hiyo huweza kung'oa bawa kwa sekunde chache.

Dhana: Ikisharuka, imethibitika

Mfaransa Henri Mignet aliruka na ndege yake ndogo HM.14, Pou-du-Ciel, mwaka 1933. Ilipendwa mno, mamia ya watu wakaijenga nyumbani. Iliruka, tena vizuri. Kisha vifo vikaanza, na vikafanana: ndege inainamisha pua, inapiga mbizi, haiinuki tena. Vipimo kwenye mahandaki makubwa ya upepo ya Farnborough, Uingereza, na Chalais-Meudon, Ufaransa, vilionyesha chanzo. Mabawa yake mawili yalikaribiana mno, na pua ikishainama kupita kiasi fulani, kuvuta usukani hakukusaidia. Mwaka 1936 ikapigwa marufuku Uingereza. Kosa lilirekebishika, na Mignet alilirekebisha, lakini marehemu walikuwa wameruka salama mara nyingi kabla ya siku hiyo.

Dhana: Barafu ya kabureta ni shida ya Ulaya

Petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hupoza hewa kwa nyuzi 20 na zaidi. Asubuhi ya nyuzi 25, hewa ikiwa imejaa unyevu kama Tanga au Mombasa wakati wa masika, barafu inaweza kuziba koo la kabureta huku rubani akitokwa jasho. Tiba yake ni bomba linaloleta hewa ya moto kutoka kwenye ekzosi. Wanaojenga wenyewe hulisahau wakiamini sisi tuko nchi ya joto.

Dhana: Injini ikizimika ndege huanguka kama jiwe

Ndege ndogo nyingi, kutoka mita 1,000, husafiri kilomita tisa hivi zikishuka taratibu. Kinachoua ni kujaribu kugeuka kurudi uwanjani muda mfupi baada ya kupaa, mwendo ukiwa mdogo na ardhi ikiwa karibu. Bawa linapoteza uwezo wa kubeba, na hapo ndipo jiwe linapozaliwa. Tua mbele yako.

Dhana: Ya nyumbani haina sheria, na ni ya wenye shahada tu

Kubuni ndege kunataka hesabu nzito, lakini kujenga kwa michoro iliyokwisha kuthibitishwa kunataka subira na mikono safi. Mwaka 2019 vijana 20 wa Afrika Kusini waliunganisha ndege ya Sling 4 kutoka kwenye vipande vya kiwandani, ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo, ikapitia Zanzibar.

Sheria nazo zipo. Marekani hutaka mjenzi wa nyumbani awe amefanya zaidi ya nusu ya kazi kwa ajili ya elimu au burudani yake, kisha ndege ifanyiwe majaribio, kwa kawaida kwa saa 25 au 40, kutegemea injini na propela, katika eneo lililotengwa na bila abiria. Kwetu mlango ni mamlaka za usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya na TCAA kwa Tanzania, na mlango huo ugongwe kabla ya kukata bati la kwanza. Mkaguzi hawezi kuona mbavu za bawa lililokwisha kufunikwa. Kwa hiyo piga picha kila kiungo, andika tarehe, na bawa lisifungwe kabla jicho la mtu mwingine halijaingia ndani.